Mama atakaa kwa nani?

Salamabila hakuna nyumba ya kutunzia wazee. Hakuna ukuta wenye kibao, hakuna masista wa kuwaogesha, hakuna ofisi ya kuandikisha jina. Hata hivyo, hapa, kama vile Kasongo na Kabambare, kila jamaa hufika siku moja kwenye ulizo lile lile: mama atakaa kwa nani? Sisi tulilijibu vibaya. Tunaeleza tulivyokosea, maana tunajua hatuko peke yetu.

Kikao cha jamaa

Mama yetu amepita miaka 70. Baba alifanya kazi Namoya wakati wa SOMINKI, kampuni iliyochimba dhahabu ya huku mpaka miaka ya 1990. Alipofariki hakuacha pansioni ya kumsaidia mtu. Aliacha nyumba ya matofali mabichi, miembe mitatu na watoto watano. Leo wawili wetu tuko Kindu, mmoja yuko Bukavu, kaka yetu mkubwa anafanya biashara Kasongo, na dada yetu mdogo alibaki Salamabila, nyumba ya pili toka kwa mama.

Siku moja mama aliteleza akitoka kuoga. Aliumia nyonga, na tangu siku ile hakusimama tena bila kushikwa. Wiki mbili baadaye tukafanya kikao, wengine tukiwa kwenye simu.

Tuliongea karibu saa mbili. Kaka alisema kwake kuna nyumba ya matofali ya kuchoma, tena hospitali kuu iko karibu. Dada ana watoto sita na shamba. Tena Salamabila kuna masasi. Kila mtu anakumbuka jinsi hali ilivyoharibika: mgodi wa Namoya, uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Banro, ulianza kutoa dhahabu ya biashara Januari 2016, na mwaka 2019 kampuni ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Wenyeji hatukuwa na pa kusimamisha. Vita vikilia, watu hukimbia porini na vikwembe vichwani. Mama asiyetembea atakimbiaje?

Basi tukakata shauri: Kasongo. Tukagawana mchango, kila mtu na mafranga yake ya kila mwezi. Tukajisikia watoto wazuri.

Mambo mawili hatukuyasema katika saa zile mbili. Hatukuuliza nani ataamka usiku. Na hatukumuuliza mama, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka nje ya mlango, akisikia kila neno.

"Mama yuko muzuri, musiogope"

Kila Jumapili tulipiga simu. Jibu lilikuwa moja: "Mama yuko muzuri, musiogope. Anakula, analala." Mama mwenyewe akipewa simu alisema, "Niko, batoto yangu," halafu ananyamaza. Tulidhani amechoka tu.

Mwezi wa tano, mmoja wetu wa Kindu alipata mzigo wa kupeleka Kasongo. Alienda na pikipiki, siku mbili njiani kwa sababu ya mvua, na simu ilikuwa imezimika. Kwa hiyo alifika bila kutangazwa. Alimkuta mama katika chumba cha nyuma, dirisha limefungwa. Godoro lilikuwa limelowa tangu alfajiri. Alipomgeuza, aliona kidonda chini ya mgongo, kikubwa kama kiganja cha mtoto. Kingine kilikuwa kinaanza kwenye kisigino.

Usimtafute mtu mbaya katika habari hii. Mkamwana wetu, mke wa kaka, alikuwa anaamka saa kumi na moja, anachota maji, anapika, anapeleka watoto shule, anafungua duka, anarudi mchana kumlisha mama wali na sombe, anarudi dukani. Usiku alikuwa analala kama gogo. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kumgeuza mtu mzito asiyejiweza. Mafranga yetu yalifika, lakini yalipita mkononi mwa kaka, yakaingia katika unga, dawa na karo ya watoto. Mkamwana hakuona hata franga moja ya jasho lake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulimbebesha yeye mzigo, halafu kila Jumapili tukauliza kama ni mwepesi.

Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwamba angesema, watu wangesema amemchoka mama wa mume wake.

Kuna jambo la pili lililotutisha kuliko kidonda. Mama, usiku, alikuwa anaita majina ya watu waliokufa zamani. Uzee huleta hali hiyo, hasa mtu akihamishwa mahali asipopazoea. Lakini majirani wapya hawakumjua mama yetu. Walijua tu kwamba katika nyumba ile kuna bibi anayesema na wafu. Kila mmoja wetu huku mashariki anajua minong'ono ya namna hiyo inaweza kumfikisha wapi mama mzee siku mtoto wa jirani akipatwa na homa. Salamabila hakuna ambaye angeshangaa: majina yale ni ya watu waliozikwa pale, na wengine walikuwa rafiki zake.

Kwingine wanafanyaje

Tulipoanza kulaumiana, mmoja wetu alisema afadhali mama angekuwa katika nyumba ya wazee, kama Ulaya. Neno lile lilituuma. Kwetu, kumpeleka mzazi nyumba ya wazee ni kama kumtupa. Lakini tulijiuliza: na chumba kile cha nyuma tungekiitaje?

Nyumba za wazee ziko katika inchi yetu pia. Kinshasa kuna Hospice Saint-Pierre, na wengi wanaofikishwa huko ni wale wasio na mtu, au waliokimbiwa na watu wao. Nairobi, masista wanaoitwa Masista Wadogo wa Maskini wana nyumba ambayo jina lake ni Nyumba ya Wazee tu. Shirika lao lilianza Ufaransa mwaka 1839, mwanamke mmoja, Jeanne Jugan, alipomchukua bibi kipofu na kumpa kitanda chake mwenyewe. Tunapenda habari hii kwa sababu kabla ya jengo kulikuwa na kitanda, na mtu aliyekubali kukiacha.

Jengo peke yake halimtunzi mtu. Januari 2022, hukohuko Ufaransa, mwandishi Victor Castanet alitoa kitabu juu ya nyumba za kampuni ya Orpea. Alieleza kwamba hata katika nyumba ambayo jamaa walilipa maelfu ya euro kwa mwezi, pampasi za wazee zilipimwa kwa hesabu. Serikali ilianzisha uchunguzi, na jamaa nyingi zikagundua kwamba walikuwa wamechagua kwa kutazama bustani na mapazia. Sisi tulitazama matofali ya kuchoma. Kosa ni lile lile.

Wengine wameanza na mkono wa serikali. Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mkazi aliyefika miaka 70 hupewa pansioni hata kama hakuwahi kuajiriwa. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya ilifuata mwaka 2018, shilingi 2,000 zake kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi. Si mali nyingi, lakini mzee mwenye fedha yake anaulizwa neno katika kikao. Kwetu Kongo, kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinasema wazee wana haki ya ulinzi wa pekee, na kifungu cha 40 kinasema watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Kifungu cha 40 tunakijua hata bila kukisoma. Kile cha 49 bado hatujakiona Salamabila.

Mama anachagua

Tulifanya kikao cha pili, Kasongo, mbele ya mama. Safari hii yeye alisema wa kwanza. Alisema maneno machache: "Munirudishe kwangu. Kama ni kufa, nitajua kwenye nitakufia."

Tulimweleza hatari ya masasi. Akasema masasi anayajua kuliko sisi, maana sisi ndio tuliokimbilia Kindu. Halafu akauliza ulizo ambalo sisi tulipaswa kuliuliza miezi mitano nyuma: nani atanibeba? Mjukuu wake, kijana wa dada, mchimbaji mwenye mabega mapana, akaitikia kwenye simu kwamba ni yeye.

Kidonda kilitibiwa kwanza. Ilichukua wiki nyingi. Kisha mama akarudi Salamabila kwa pikipiki, katikati ya dereva na mjukuu, amefungwa kwa kikwembe kama mtoto. Mkamwana alilia akimsindikiza. Kaka alimwomba mkewe msamaha mbele yetu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona katika jamaa yetu.

Baada ya hapo, usiku mmoja masasi yalilia. Kijana alimbeba mama mgongoni mpaka kijiji cha pili, wakalala huko siku mbili katika baridi, wakarudi. Alikohoa wiki nzima. Je, tulichagua vizuri? Hatuwezi kuapa. Kasongo angelala bila kusikia bunduki. Salamabila analala kwenye kitanda chake na majirani wanaingia bila kubisha. Tunachojua ni kwamba safari hii yeye ndiye aliyechagua, na sisi tunajua nani anafanya nini.

Mambo ya kuangalia

Ndugu msomaji, kama kikao chenu kinakaribia, haya ndiyo tuliyojifunza.

Anzeni na mzee. Hata akisahau siku, anajua kwenye anapenda kulala na nani anapenda amwogeshe. Mama mzee hataki kuoshwa na mkwe wa kiume, na hatawaambia msipouliza.

Gaweni usiku kabla ya kugawa mafranga. Mtu asiyejigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Mtu mmoja hawezi. Kwetu sasa dada na binti zake wawili wanapokezana.

Mtunzaji apewe chake, mkononi mwake. Iwe kidogo, lakini isipite kwa mume wala kwa kaka. Na apate siku za kupumzika: kila baada ya miezi mitatu mmoja wetu huenda Salamabila wiki moja, dada analala.

Fikeni bila kutangaza. Jumapili kwenye simu kila mzee yuko muzuri. Mkifika, msiishie sebuleni. Nusa chumba. Gusa godoro. Tazama kucha, midomo, na kopo la maji: je, liko mahali mkono wake unapofika? Tazama chini ya mgongo, nyonga na visigino. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo pitisha mkono: pakiwa pa moto au pagumu kuliko pembeni, kidonda kinakuja. Usipasugue. Mgeuze, mkaushe, mwite muganga wa kituo cha afya mapema.

Waulizeni majirani wanamwitaje. Wakimwita bibi au mama fulani, shukuruni. Wakikwepa kutaja jina lake, mtoeni hapo.

Na huku kwetu, ongezeni ulizo moja ambalo jamaa za Ulaya hawaliulizi: siku ya kukimbia, nani anambeba? Taja jina. "Tutaona" si jina la mtu.

Wiki iliyopita tulipiga simu kama kawaida. Dada alisema mama amegombana na mjukuu kwa sababu ya chumvi katika sombe. Tukaomba tuseme naye. Safari hii hakunyamaza. Alilalamika dakika kumi nzima, mpaka yuniti zikaisha.