Baada ya Vali ya Moyo Kubadilishwa

Jioni familia zetu zipungapo upepo Mama Ngina, huwezi kutambua ni nani kati ya wapitao aliyewahi kufunguliwa kifua. Kovu limesitiriwa na kanzu au buibui, naye anakula mihogo na wenziwe. Hilo ni la kumshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini ndilo pia liwahadaalo watu wa nyumbani, wakadhani maradhi yamekwisha.

Kwetu wagonjwa wengi wa vali walianza utotoni: koo liliuma, halikutibiwa, likazaa homa ya baridi yabisi, nayo ikaziharibu vali za moyo. Utafiti wa REMEDY uliandikisha wagonjwa 3,343 wa maradhi haya katika nchi 14, Kenya na Uganda zikiwamo, na umri wao wa kati ulikuwa miaka 28. Basi anayewekewa vali mpya huku mara nyingi ni kijana, na akijaaliwa ana miaka mingi ya kuishi nayo.

Vali za bandia, zilizoanza kutumika miaka ya 1950, ni za namna mbili. Ile ya madini yaweza kudumu umri mzima, ila damu huelekea kuganda juu yake, na mwenyewe hulazimika kumeza wafarini kila siku ya uhai wake. Ile ya mnyama kwa kawaida haidai dawa hiyo daima, lakini huchakaa baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa vijana mapema zaidi, kisha kifua hufunguliwa tena. Hufanywa kwa utando wa moyo wa ng'ombe au kwa vali ya nguruwe. Juu ya hii ya nguruwe wanazuoni wamehitalifiana, na wengi wameiruhusu penye dharura. Ya ng'ombe ikifaa na ikapatikana, shaka imeondoka. Muulize daktari mapema, si siku ya upasuaji.

Wafarini ikipungua mwilini, vali hukwama au donge la damu hupanda ubongoni mtu akapooza. Ikizidi, damu huvuja. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa INR mara kwa mara, hata akijiona mzima. Wengi hutakiwa wawe kati ya 2 na 3.5, kwa kadiri ya vali yao. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki hupunguza nguvu ya dawa. Asikatazwe kula, bali ale kwa kiasi kisichobadilika. Dawa za maumivu za dukani, kama diklofenaki, asimeze bila kuuliza. Na hijama, pamoja na fadhila zake, kwa mtu huyu kuchanja ngozi ni hatari. Mwezi wa Ramadhani dawa yake ni mara moja kwa siku, yaweza kumezwa baada ya kufuturu. Ama kufunga kwenyewe, ashauriane kwanza na daktari wake.

Lililo zito zaidi ni la mabinti. Wafarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo; na mama akiiacha kwa hiari yake, vali huweza kuziba akafa. Wapo wazazi wafichao kovu la binti yao siku ya posa, wakichelea mchumba atakimbia. Kisha bibi arusi humeza dawa kwa siri, au huiacha kabisa ili mume asiione. Mchumba na aambiwe kabla ya akidi, na wakishaoana waende pamoja kliniki ya moyo kabla ya kutafuta mimba, wapangiwe dawa ya kila kipindi.