Imani kwa Kimo cha Mtoto

Kila mwisho wa mwaka, kando ya barabara ya lami inayouzunguka mlima Kilimanjaro kutoka Marangu kupitia Mkuu hadi Tarakea, yanachipuka mabango ya kuandikisha watoto wa chekechea. Mengi yana jina la mtakatifu au alama ya msalaba, na chini yake ahadi tatu: Kiingereza fasaha, usafiri wa uhakika, maadili mema. Mzazi anasoma, analinganisha ada, anachagua. Usafiri na Kiingereza atavipima baada ya wiki chache tu. Maadili ndiyo yaliyompeleka pale, na ndiyo hajui ayapime vipi.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandaa walimu wa elimu ya awali, swali hili naulizwa mara nyingi, na jibu langu halibadiliki. Shule ya awali ya Kikristo hutambulika kwa namna inavyomtazama mtoto. Sala ya asubuhi, nyimbo na picha ya Mchungaji Mwema ukutani vina nafasi yake, lakini vyote hivyo vinaweza kuwepo mahali ambapo mtoto ananyamazishwa na kutishwa kutwa nzima. Falsafa yenyewe inasimama juu ya imani kwamba mtoto wa miaka mitatu ni mtu kamili leo, amebeba sura ya Mungu leo, kabla hajaijua herufi hata moja. Ukiamini hivyo kwa dhati, ratiba inabadilika, adhabu inabadilika, hata urefu wa viti unabadilika.

Msingi wa imani hiyo uko katika Marko sura ya 10. Watu walimletea Yesu watoto, wanafunzi wake wakawakemea, naye akakasirika. Hasira ile iliwaangukia watu wazima waliodhani kuna mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Kisha akawakumbatia watoto na kuwawekea mikono. Hakuwauliza wanajua nini. Luka naye, mwishoni mwa sura ya 2, anaueleza utoto wa Yesu mwenyewe kwa pande nne za kukua: akili, mwili, uhusiano na Mungu na uhusiano na watu. Nimeona shule zinazoshika upande wa kwanza na kuuacha wa pili, zikiamini wa tatu utakuja kwa kukariri, na wa nne utajijia wenyewe.

Tarakea ni mji wa mpakani wilayani Rombo. Siku ya soko akina mama wa biashara wanatoka alfajiri. Mazao na bidhaa vinavuka kwenda na kurudi kati ya upande wetu na Loitokitok, Kenya. Baba pengine yuko Arusha au Dar es Salaam, ataonekana Desemba. Mtoto anabaki na bibi kihambani, kwenye shamba la nyumbani, na bibi mwenyewe ana ng'ombe wa kukatia majani. Chekechea inaingia hapo, kuziba pengo la saa ambazo kila mtu mzima yuko kazini.

Hali hiyo si ya Kilimanjaro peke yake, na Kanisa lilikutana nayo zamani. Mwaka 1767 mchungaji Mlutheri Jean-Frédéric Oberlin alifika Waldersbach, kijiji maskini cha milimani mashariki mwa Ufaransa, ambako wazazi walishinda mashambani na watoto wadogo walizurura. Miaka michache baadaye, akishirikiana na wasichana wa kijijini, Sara Banzet na Louise Scheppler, aliwakusanya watoto hao katika vyumba vyenye joto, wakafundishwa kufuma, kuimba na kujua majina ya mimea iliyowazunguka. Zaidi ya karne moja kabla yake, Jan Amos Comenius, askofu katika Kanisa la Ndugu ambalo ndilo chimbuko la Wamoravian wanaojulikana Rungwe tangu 1891, aliandika kitabu kizima juu ya miaka 6 ya kwanza ya mtoto kwenye mapaja ya mama yake. Na tarehe 6 Januari 1907, daktari Mkatoliki Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa wafanyakazi wa San Lorenzo, Roma. Nchini kwetu masista Wakatoliki wamefanya sehemu kubwa ya kazi ya kuueneza mtindo wake, na wengi wa walimu wanaoutumia wamepitia mikononi mwao.

Mtindo huo unaeleweka vizuri zaidi ukiuangalia kwa karibu. Chukua trei moja, vikombe viwili vya bati na maharage nusu kikombe. Mtoto wa miaka minne anaitoa trei kwenye rafu, anaibeba kwa mikono miwili hadi kwenye mkeka, anapiga magoti. Anamimina maharage kutoka kikombe cha kulia kwenda cha kushoto. Matano yanadondoka. Hakuna aliyemwambia amekosea. Maharage yenyewe yamemwambia. Anayaokota moja moja kwa kidole gumba na cha shahada, vidole vilevile vitakavyoshika penseli mwakani, kisha anarudia, safari hii taratibu zaidi. Pembeni yake mwenzake anasubiri zamu, kwa sababu trei ya zoezi hilo ni moja tu, na imewekwa moja makusudi. Mwalimu amekaa kwenye kiti kifupi hatua mbili kutoka pale, mikono magotini, haingilii.

Kuizuia mikono hiyo ndicho kitu kigumu kuliko vyote ninavyowafundisha walimu. Mwalimu mgeni katika kazi hii huona maharage yamemwagika, naye hukimbilia kikombe. Akikichukua amemnyang'anya mtoto subira aliyokuwa anaijenga, na heshima pia. Namwambia mwalimu huyo kwamba katika dakika zile kumi za maharage mtoto amejifunza kiasi, uangalifu, kungoja zamu na kurudisha kitu mahali pake, na kwamba maadili yaliyoahidiwa kwenye bango yako mle ndani ya trei. Mtoto wa umri huo hujengwa tabia na anachokitenda kwa mikono yake kila siku, kuliko anachoambiwa akiwa amefunga macho.

Watu wa mlimani walilijua hilo kabla ya shule kufika. Mwaka 1940 Otto Raum, mtoto wa mmisionari wa hukuhuku, alichapisha kitabu juu ya utoto wa Mchaga, akieleza kwa urefu michezo ya watoto, kazi ndogondogo walizopewa, hadithi na vitendawili vyao, na kuonyesha kwamba yote hayo yalikuwa elimu. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri aliyefanya kazi Moshi ya Kale hadi 1938, alishikilia kwamba Kanisa lisivunje vifungo vitatu alivyovikuta: ukoo, ujirani na rika. Aliona vimetoka kwa Mungu kabla hajafika mhubiri. Yapo mengi ya kubishana na Gutmann, lakini vifungo hivyo vitatu ningeviandika kwenye ukuta wa kila ofisi ya chekechea ya Rombo.

Rika likitumika vizuri, mtoto wa miaka mitano anamfundisha wa mitatu kufunga vifungo vya sweta, na wote wawili wanakua. Ukoo ukikaribishwa, bibi anaitwa darasani asubuhi moja kusimulia hadithi kwa Kirombo, na mtoto anaona kwamba lugha ya jikoni kwao inaheshimiwa na mwalimu wake. Ujirani ni mwalimu kubisha hodi nyumbani. Katika jaribio maarufu lililoanza mwaka 1962 katika mji wa Ypsilanti, Marekani, likihusisha watoto 123 wa familia maskini, walimu wa chekechea waliwatembelea wazazi majumbani kila wiki. Watafiti waliwafuatilia watoto hao hadi wakawa watu wa miaka 40, na waliopitia chekechea ile walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi na kukamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko wenzao ambao hawakuipitia. Parokia yenye jumuiya ndogondogo, au usharika wenye wazee wa mtaa, tayari una njia ya kufika kila mlango. Shule chache sana huitumia.

Sasa fimbo. Kanuni za shule nchini bado zinaruhusu viboko kwa masharti, na wapo wazazi wazuri kabisa wanaomkabidhi mtoto kwa maneno ya kumtaka mwalimu amchape akikosea, wakinukuu Mithali. Nawaheshimu, na sikubaliani nao. Mtoto wa miaka minne anayempiga mwenzake hajapata maneno ya hasira yake. Ukimchapa, umemwonyesha mkubwa anavyofanya akikasirika, naye atakuiga kwa uaminifu. Kinachomsaidia ni sauti tulivu, kumshika mkono, kumtajia anachohisi, kumpeleka kwa aliyemuumiza, kumsaidia kutengeneza alichoharibu. Inachukua dakika kumi na tano mahali ambapo kiboko kingechukua sekunde tatu. Toba na msamaha, ambavyo ndivyo kiini cha Ukristo, mtoto anavijua kwa mara ya kwanza katika dakika hizo kumi na tano.

Lipo pia tishio lisiloacha alama mwilini. Nimesikia watoto wakiambiwa kwamba Mungu anawaona wanapomwaga uji, au kwamba shetani atawachukua wasipolala mchana. Mtoto mdogo hana namna ya kupunguza ukali wa maneno hayo, analala nayo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu taswira ya kwanza ya Mungu hukaa ndani ya mtu kwa muda mrefu kuliko katekisimu atakayofundishwa baadaye. Mwaka 1954 huko Roma, Sofia Cavalletti na mwenzake Gianna Gobbi walianza kuwafundisha watoto dini kwa njia iliyotokana na kazi ya Montessori, wakiongozwa na mfano wa mchungaji anayemwita kila kondoo kwa jina. Waliona kwamba mtoto mdogo anahitaji kuliko vyote kujua kuwa anapendwa, na kwamba habari za dhambi zina umri wake.

Kuhusu Kiingereza nitasema kidogo, maana ubishi wake hauishi. Katika shule nyingi za serikali elimu ya awali hufundishwa kwa Kiswahili. Mchepuo wa Kiingereza ni uamuzi wa mzazi, na mpakani hapa una sababu zake. Mtoto ajifunze Kiingereza kwa nyimbo na michezo, hakuna ubaya. Ila asikatazwe kusema Kiswahili au Kirombo akiwa na njaa, na asiaibishwe kwa hilo. Na asali kwa lugha anayolilia usiku. Baba Yetu ya Kiingereza iliyokaririwa kwa ajili ya mahafali haimfikishi popote. Ubaya uleule uko katika usaili wa darasa la kwanza unaowalazimisha walimu kumshindilia mtoto wa miaka mitano KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa kukaa kwenye dawati saa nne mfululizo.

Tarakea ina Wakristo wengi, lakini sokoni kuna Waislamu pia, na watoto wao wamo katika chekechea za makanisa. Shule inayoamini kwamba kila mtoto amebeba sura ya Mungu haina ruhusa ya kumfanya yeyote ajione mgeni. Mzazi Mwislamu aelezwe siku ya kwanza, kwa uwazi, sala gani husaliwa na saa ngapi, na uamuzi wake kuhusu mwanawe uheshimiwe. Mtoto mwenye ulemavu naye, anayefichwa nyumbani kwa sababu majirani wanasema, ndiye ambaye shule ya Kikristo inapaswa kumfuata kwanza.

Serikali nayo imeweka viwango vinavyoendana na imani hii. Sera ya elimu ya 1995 iliingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi. Ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Mwaka 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu mimba hadi miaka 8, na inayoweka pamoja afya, lishe, ujifunzaji, ulinzi na malezi yenye mwitikio. Zilinganishe nguzo hizo na pande nne za Luka, utaona zinavyokaribiana. Lishe kwa mfano: Juni na Julai, ukungu ukishuka na baridi ikibana, mtoto aliyetembea kutoka kijijini bila kula hawezi kumakinika hata kwa dakika tano. Uji wa moto wa ulezi saa nne asubuhi ni sehemu ya mtaala, na ada iliyopunguza uji ili kuongeza kompyuta imepunguza elimu.

Kiwango cha taifa ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Kila nilichokieleza hapa, mikono inayotulia magotini, dakika kumi na tano za msamaha, hodi nyumbani kwa mzazi, hakiwezekani kwa mwalimu mmoja mwenye watoto 60, hata awe mtakatifu. Kwa hiyo mzazi asiende kuikagua shule siku ya mahafali, watoto wakiwa ndani ya majoho. Aende Jumanne ya kawaida saa nne asubuhi, akae pembeni, ahesabu watoto, asikilize sauti za walimu, aulize wamesomea wapi na wanalipwa kwa wakati au la. Na kamati za shule, parokiani na usharikani, zinapopata fedha kidogo na kuanza kujadili geti jipya au basi la pili, ziajiri kwanza mwalimu wa pili.