Maji Yanayogoma Katika Mashine ya Kufulia

Mama mmoja wa Lubumbashi aliamka asubuhi akakuta nguo za watoto zimelala katika maji machafu, mashine imenyamaza, tena mlango wake haufunguki. Fundi aliyeitwa hakuinama hata kidogo kutazama chini. Alisema pampu imekufa, akataja bei iliyotaka kumaliza fedha zote za karo ya shule. Jirani mmoja akawasihi wangoje kidogo.

Wasomaji wapenzi, pampu hufa, lakini mara nyingi huwa imezibwa tu. Mashine nyingi zenye mlango wa mbele huwa na kifuniko kidogo chini pembeni, na nyuma yake chujio la pampu. Wako watu waliofulia miaka mitano bila kujua kwamba lipo!

Kwanza kabisa ondoeni plagi ukutani kwa mikono mikavu. Sakafu ikiwa imelowa, kateni umeme kwenye swichi kubwa ya nyumba kabla ya kukaribia. Kama maji ni ya moto, ngojeni yapoe. Kisha tandikeni matambara, wekeni sinia lenye kina, mkazungushe chujio kuelekea kushoto, polepole sana. Maji yakija kwa nguvu, kazeni, mwageni, fungueni tena. Yaweza kujaa ndoo nzima na zaidi, basi mwenye haraka atafurikisha nyumba. Katika chujio la mama yule kulikuwa na kifungo cha kaptula na soksi ya mtoto mchanga.

Chujio likiisha kutoka, mulikeni ndani kwa tochi na kuzungusha panga dogo la pampu kwa kijiti. Likienda kwa kurukaruka msiogope. Mara nyingi ni sumaku iliyomo inayolivuta.

Pengine chujio ni safi, na kosa liko kwenye mpira wa kutolea maji. Hukunjika nyuma ya mashine iliposogezwa kwa kufagia. Tena, katika nyumba zisizo na bomba lake, watu huulaza mpira chini uani. Hapo maji hutoka kadiri yanavyoingia, na mashine hunywa bila kushiba. Kwa kawaida ncha yake huinuliwa kati ya sentimeta 60 na 100 kutoka sakafuni, kama kitabu cha mashine kielezavyo. Wala msizibe kwa matambara pale mpira unapoingia bombani, maana hewa ikikosa njia, maji huvutwa yote yatoke.

Umeme ukikatika katikati ya kufua, maji kubaki ndani si ubovu. Na sinki la jikoni likifurika pia, taabu ni ya bomba la nyumba.

Lakini ikiwa njia zote ni wazi na pampu yanguruma tu bila kusukuma, hapo fundi aitwe, naye aambiwe yote yaliyokwisha kujaribiwa.