Anayejitolea Kulea Watoto Wetu Ametoka Wapi? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavyomtaka kila mwanajamii amlinde aliye chini ya miaka 18 na kutoa taarifa haki zake zinapovunjwa. Leo tushuke hadi ofisi ya mtaa, kwa kuwa huko ndiko mgeni anakopokelewa. Nachukua kata ya Kasense, katika Manispaa ya Sumbawanga, kuwa mfano, ingawa nitakayosema yanaihusu kata yoyote ya Ufipa.

Wanaojitolea ni akina nani? Wengi wetu humfikiria kijana wa Ulaya aliyekuja kwa miezi mitatu. Yupo, na sheria ya uhamiaji inamtaka awe na kibali cha ukaazi daraja C. Lakini walio wengi ni ndugu zetu: mhitimu wa ualimu asiye na ajira anayefundisha shule ya msingi kwa mchango wa wazazi, mlezi wa Utoto Mtakatifu kigangoni, ustadhi wa madrasa, mwalimu wa kwaya ya watoto, kocha wa timu ya mtaa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeingia hadi chumbani kwa bibi mgonjwa. Bila wao kazi nyingi zingelala. Tunawashukuru, na bado tunapaswa kuwauliza walikotoka, kwa sababu mtoto hana uwezo wa kuuliza kwa niaba yake mwenyewe.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban nusu ya wasichana hao ndio waliowahi kumwambia mtu. Wavulana walionyamaza ni wengi zaidi. Waliofika mahali pa kupata huduma ni wachache mno.

Sasa tuangalie cheti cha polisi, ambacho taasisi nyingi zimeanza kukidai. Mwombaji huchukuliwa alama za vidole, nazo hulinganishwa na kumbukumbu za wahalifu zinazotunzwa na Jeshi la Polisi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sumbawanga. Asipoonekana humo, anapewa cheti. Ni kitu kizuri na napenda kila kituo cha kulelea watoto kikidai. Ila kinajua lile tu lililofikishwa polisi likaandikwa. Mambo mawili yaliyotokea nje ya nchi yetu yanaonyesha maana ya jambo hili.

La kwanza ni la jirani zetu. Mwaka 2008 Mmarekani Gregory Dow alifungua makao ya watoto Boito, kaunti ya Bomet, nchini Kenya. Alijitambulisha kama mtu wa Mungu na wenyeji wakampokea. Kumbe mwaka 1996, huko Iowa, alikuwa ametiwa hatiani kwa shambulio lenye nia ya udhalilishaji wa kingono, akaandikwa katika daftari la wakosaji wa aina hiyo. Habari ilikuwepo kwenye kumbukumbu za kwao, lakini haikuvuka bahari pamoja naye. Aliwaharibu wasichana waliokuwa wakimwita baba hadi alipokimbia mwaka 2017. Februari 2021 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 15 na miezi 8. Cheti kimoja tu cha polisi kutoka kwao, kikisomwa kwa makini Bomet, kingetosha kumrudisha mlangoni.

La pili ni zito zaidi, maana hapo ukaguzi ulifanyika. Agosti 2002, katika mji mdogo wa Soham, Uingereza, Ian Huntley, mlinzi wa majengo ya shule, aliwaua wasichana wawili wa miaka 10. Alipoajiriwa alikaguliwa na polisi, wakaona hana doa. Tume ya Sir Michael Bichard ilipochunguza, ripoti yake ya mwaka 2004 ilieleza kwamba kati ya mwaka 1995 na 1999 mtu huyo alikuwa ameshutumiwa mara kadhaa kwa makosa ya kingono katika eneo jingine, na hakuna shutuma iliyofika kwenye hukumu. Polisi wa huko hawakutunza kumbukumbu ipasavyo. Isitoshe, alitumia majina mawili, Huntley na Nixon, na ukaguzi ukafanywa kwa jina moja. Kutokana na msiba huo Uingereza ilitunga sheria mwaka 2006 ya kuweka orodha ya watu waliozuiwa kufanya kazi na watoto na watu wazima walio katika hali ya hatari.

Nimekaa sana juu ya Soham kwa sababu tatizo lake ni letu. Sheria zetu ni kali. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kumbaka mtoto ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Lakini kesi ngapi zinafika huko? Wazee wanakaa, familia zinakubaliana, fidia ya ng'ombe au fedha inatolewa, binti anapelekwa kwa shangazi, mwanamume anahama. Huku tunaita kumalizana. Matokeo yake ni kwamba aliyefanya uovu kwingine, tuseme Laela, anawasili Kasense na alama za vidole zisizo na shtaka lolote, na akiomba cheti atakipata kihalali kabisa. Kila shauri la mtoto linalomalizwa nyumbani linamsafishia mkosaji njia ya kuingia kijiji kingine. Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko mengine yote ya makala hii.

Basi ofisi ya mtaa ifanye nini? Barua ya utambulisho, ambayo tumezoea kuigonga mhuri kwa dakika mbili, ndiyo silaha yetu kubwa. Anayetaka kukaa na watoto alete barua kutoka mtaa au kijiji alichoishi mwisho, na mwenyekiti wetu ampigie mwenyekiti wa huko. Namba ya simu itafutwe kupitia mtendaji wa kata ile, isiwe ile iliyoletwa na mgeni mwenyewe. Majina yake yalinganishwe na kitambulisho cha NIDA. Atoe wadhamini wawili, mmoja wao awe amewahi kumwona akifanya kazi na watoto, na aulizwe swali moja bila kuzunguka: ungemkabidhi mtoto wako? Kusitasita kwake kunastahili kufuatiliwa. Majibu yote yaandikwe kwenye daftari lenye kufuli, nakala ifike kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu uvumi. Katika mkoa wetu tunajua shutuma ya uchawi inavyoweza kumfukuza mzee nyumbani kwake, hata kumtoa roho. Uchunguzi wa mwenendo ukigeuka kikao cha umbea, tutawaumiza wasio na hatia na kuwatisha wema wasijitolee tena. Kinachoulizwa kiwe tukio: lilitokea wapi, lini, nani aliliona, lilipelekwa wapi. Anayetajwa apewe nafasi ya kujibu. Na anayetuhumiwa kwa jambo la jinai apelekwe polisi, maana kamati ya mtaa haina mamlaka ya kuhukumu.

Hata baada ya yote hayo, mtu mpya asiachwe peke yake na mtoto ndani ya chumba kilichofungwa. Masomo ya ziada yafanyike mlango ukiwa wazi, safari za kwaya ziwe na watu wazima wawili au zaidi, mmoja wao mwanamke, na mazoezi ya mpira yaishe kabla ya giza. Kanisa Katoliki, lenye waumini wengi hapa Ufipa, lina wajibu wake wa ziada: waraka wa Papa Fransisko wa Mei 2019 uliyataka majimbo yote duniani yaweke mfumo wa kupokea taarifa za udhalilishaji. Mzazi ana haki ya kumuuliza paroko wake mfumo huo uko wapi.

Sehemu ya tatu itahusu wazee na watu wenye ulemavu wanaohudumiwa majumbani, pamoja na wale wanaosindikizwa kuchukua fedha za TASAF. Wakati huohuo, mwenye taarifa ya mtoto anayeumizwa asingoje kikao cha familia: apige 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure usiku na mchana, au aende moja kwa moja kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.