Namirembe: Kanisa lililojengwa mara tano

Jina la Mulago, jijini Kampala, humjia mtu akilini pamoja na hospitali yake. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1913, na mmoja wa waasisi wake ni daktari Mwingereza, Albert Cook. Daktari huyo alifariki mwaka 1951, lakini kaburi lake halipo Mulago. Lipo upande wa kusini-magharibi, ng'ambo ya kilima cha Makerere, katika uwanja wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, Namirembe.

Kanisa hilo la matofali mekundu, lenye kuba inayoonekana kutoka mbali, lilikamilika mwaka 1919. Huhesabiwa kuwa jengo la tano. Mengine yote yaliyolitangulia yalitoweka, na kila moja liliacha funzo kwa waliolifuata.

Kitabu kabla ya jengo

Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika katika kasri la Kabaka Mutesa wa Kwanza tarehe 30 Juni 1877. Kiswahili kilikuwa kimewatangulia, kwani kililetwa na wafanyabiashara wa pwani na Zanzibar, na Kabaka mwenyewe alikifahamu. Kwa sababu hiyo masomo ya mwanzo yalitolewa kwa Kiswahili, kabla ya maandiko kutafsiriwa kwa Kiganda. Walioiamini dini hiyo mpya waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Walikutana majumbani, na wakati wa mateso ya miaka ya 1885 na 1886, chini ya Kabaka Mwanga, wengi wao walisoma kwa siri.

Mmisionari Alexander Mackay alitumaini kwamba Kiswahili kingekuwa lugha ya pamoja ya eneo hili. Askofu Alfred Tucker, aliyewasili mwishoni mwa mwaka 1890, hakukubaliana naye, kwa kuwa aliiona lugha hiyo kuwa imefungamana mno na Uislamu. Kiganda kikashika nafasi. Hivyo lugha iliyofungua mlango wa kanisa hili ikabakizwa nje ya mlango huo. Katiba ya Uganda iliitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005.

Adui alikuwa paa

Kanisa kubwa lililofunguliwa juu ya kilima mwaka 1892 lilijengwa kwa ustadi wa Waganda wenyewe: nguzo za miti kutoka msituni, matete yaliyofumwa kwa ufundi, na paa la nyasi. Ni ustadi uleule uliojenga makasri ya makabaka. Hata hivyo, jengo la kuwaingiza waumini kwa maelfu lilihitaji paa kubwa kuliko kawaida, na paa kubwa hushika upepo. Mwaka 1894 tufani ililiangusha. Lililofuata, la mwaka 1895, lilikuwa la miti na nyasi vilevile, nalo halikudumu. Nguzo iliyochimbiwa ardhini, katika nchi ya mvua nyingi, huliwa na mchwa na kuoza.

Ndipo ukafika wakati wa matofali. Chini ya uongozi wa mmisionari fundi aitwaye Borup, vijana walifundishwa kufyatua na kuchoma matofali, na watu wa kila daraja, machifu kwa raia, walibeba udongo na kuni za tanuri. Kanisa hilo la nne liliwekwa wakfu mwaka 1904. Kuta zake zilikuwa imara, lakini juu yake waliezeka nyasi. Tarehe 23 Septemba 1910 radi ilipiga, paa likashika moto, na jengo likateketea.

Karne moja baadaye, Machi 2010, moto uliteketeza makaburi ya makabaka huko Kasubi, ambayo nayo yaliezekwa kwa nyasi.

Kuba na ngoma

Jengo la sasa lilichorwa na msanifu majengo wa London, Arthur Beresford Pite, na ujenzi ulianza mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea. Safari hii nyasi hazikutumika tena. Ramani yake ni ya umbo la msalaba, kama ilivyo kwa makanisa mengi ya kale ya Uingereza. Mahali mikono ya msalaba inapokutana, Waingereza wa zama za kati walizoea kusimamisha mnara wa kengele. Hapa mahali hapo pamefunikwa kwa kuba, ambayo uzito wake hushuka hadi ardhini kupitia nguzo nene zilizo chini yake. Na wito wa ibada wa Namirembe umejulikana kwa mlio wa ngoma.

Kaburi tupu

Nje ya kanisa amezikwa Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Mabaki yake yaliletwa hapa siku ya mwisho ya mwaka 1892.

Karibu na kaburi lake lilichimbwa jingine Februari 1977, kwa ajili ya Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa tarehe 16 mwezi huo chini ya utawala wa Idi Amin. Mwili haukufika. Serikali iliupeleka kijijini kwao Mucwini, kaskazini mwa nchi. Jumapili ya tarehe 20 waumini walijaa Namirembe hata hivyo, na baada ya ibada wakasimama kulizunguka shimo lile tupu, wakiimba.

Tufani, mchwa na radi viliyaondoa majengo ya awali, na kila mara waumini walirudi juu ya kilima kujenga upya. Siku ile, jengo la tano likiwa limesimama imara nyuma yao, walirudi kwa ajili ya mtu ambaye hawakuruhusiwa kumzika.