Ufunguo, Jina la Uga na Skima: Dhana Tatu katika Upakiaji wa Data

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa miongozo ya kompyuta, neno "ufunguo" lina nafasi ya pekee. Tatizo si kwamba Kiswahili kimepungukiwa na neno, bali ni kwamba neno hilo moja limebebeshwa dhana mbili. Mtumishi anayefuata mwongozo uliofasiriwa hivyo aweza kupoteza kumbukumbu za watu pasipo kujua. Makala haya yanakusudia kuzitenganisha dhana hizo, pamoja na kufafanua dhana ya skima. Mfano wetu ni MongoDB, hifadhidata ya hati iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2009.

Tuanze na skima. Mwaka 1970 E. F. Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM, alieleza mfumo wa kuhifadhi data katika majedwali yanayohusiana. Katika mfumo huo umbo la jedwali huamuliwa kabla ya data kuingizwa: safu zake ni zipi, na kila safu itapokea nambari, tarehe au maneno. Uamuzi huo ndio skima.

Hifadhidata ya hati haidai uamuzi huo mapema. Kila kumbukumbu ni hati yenye nyuga zake. Moja yaweza kuwa na nyuga tano na nyingine saba. Ndiyo maana husemwa kwamba hifadhidata hizi "hazina skima". Usemi huo unapotosha. Skima ipo, ila imehama kutoka katika jedwali na kuwa juu ya mpakiaji na programu yake. Karani mmoja akiandika tarehe ya kuzaliwa kama tarehe na mwenziwe akaiandika kama maneno, hifadhidata itazipokea zote mbili. Lakini atakayetafuta waliozaliwa baada ya tarehe fulani atapata baadhi yao tu. Kwa hiyo afadhali tuseme "skima nyumbufu". Tangu toleo la 3.6 la mwaka 2017, MongoDB huruhusu mkusanyo wa hati uwekewe skima ya uhakiki. Hata hivyo, uhakiki huo hufanywa hati inapoingizwa au kubadilishwa. Hati zilizokuwamo tangu awali hubaki kama zilivyo.

Sasa tuje kwenye ufunguo. Maana ya kwanza ni kile kinachoitambulisha hati moja miongoni mwa zote. Katika MongoDB kazi hiyo hufanywa na uga uitwao _id. Thamani yake sharti iwepo, isirudiwe katika mkusanyo mmoja, isibadilishwe baada ya kuhifadhiwa, wala isiwe orodha. Mpakiaji asipoitoa, hutungwa thamani ya baiti 12.

Tuchukue mfano wa matokeo ya mitihani. Mtahiniwa 0001 yupo katika kila shule na katika kila mwaka. Nambari hiyo ikifanywa ufunguo peke yake, mtahiniwa 0001 wa shule ya pili atagongana na yule wa kwanza. Mpakiaji akiwa amechagua njia ya kuingiza tu, hati ya pili itakataliwa. Akiwa amechagua njia ya kubadilisha hati iliyopo, ya pili itakaa mahali pa ya kwanza, na mtoto mmoja atakuwa amefutwa. Dawa yake ni ufunguo unganishi: nambari ya shule, nambari ya mtahiniwa na mwaka kwa pamoja. Tena iandikwe kama maneno, kwa kuwa 0001 ikisomwa kama nambari hubaki 1.

Maana ya pili ni tofauti kabisa. Ndani ya hati kila habari huandikwa kwa jozi, yaani jina na thamani, na Kiingereza huliita jina hilo pia ufunguo. Lakini jina hili hurudiwa katika kila hati, na lisiporudiwa vilevile herufi kwa herufi, data haitapatikana. Basi sentensi "ufunguo usirudiwe" ni amri sahihi kwa maana ya kwanza, na ni upotofu kwa maana ya pili.

Jina nalo lina mipaka yake. Nukta ndani ya jina husomwa kama hatua ya kuingia ndani ya uga mwingine. Safu yenye kichwa "S.L.P" ikipakiwa kwa programu ya mongoimport, haitakuwa uga mmoja, itakuwa P ndani ya L, na L ndani ya S. Kichwa kinachoishia na nukta, kama "Na.", hukataliwa. Alama ya dola mwanzoni mwa jina nayo iepukwe, kwani hutumika kwa amri. Kwa kuwa vifupisho vya ofisi zetu vimejaa nukta, vichwa vya safu visafishwe kabla ya kupakia: "slp", "nambari_ya_mtihani".

Kwa hiyo twapendekeza:

1. Ufunguo – thamani inayoitambulisha hati, wala si kitu kingine.
2. Ufunguo unganishi – ufunguo uliotungwa kwa thamani zaidi ya moja.
3. Jina la uga – jina linalotangulia thamani ndani ya hati.
4. Skima nyumbufu – umbo la data lisilolazimishwa na hifadhidata mapema.

Mfasiri akutanapo na neno hilo la Kiingereza, na ajiulize kwanza: je, kitu hiki chatakiwa kisirudiwe, au chatakiwa kirudiwe? Jibu litamwonyesha istilahi ifaayo.