Fedha ya Watu Wote na Daftari Lake

Kaeni kwa starehe, mchukue kalamu na daftari, maana leo tutaandika hesabu. Somo letu ni juu ya kutunza fedha za watu wote. Wewe unayejua sasa kusoma na kuandika waweza kuchaguliwa siku yoyote kuwa mweka hazina au mjumbe wa kamati. Na hata usipochaguliwa, fedha hizo ni zako pia.

Twendeni Bombo, katika milima ya Upare, wilaya ya Same. Watu wa milima hiyo wanaijua sana ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kukusanyia maji. Usiku hufungwa ili maji yajae. Asubuhi hufunguliwa, maji yakashuka mferejini mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Maji yakipungua na hakuna aliyefungua, basi pana mahali panavuja. Fedha ni vivyo hivyo. Chukua zilizoingia, toa zilizotoka. Zilizobaki lazima zilingane na hesabu hiyo.

Sasa tuseme kwamba wananchi wa Bombo wana chombo chao cha maji ya bomba, kama inavyoruhusiwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Watu hulipia maji, na fedha hizo hununua mabomba na koki. Tuseme tena kwamba karani mmoja ndiye anayepokea fedha, ndiye anayeandika daftari, ndiye mwenye ufunguo wa kasha, na ndiye anayeshuka Same kununua vifaa. Je, yafaa?

Labda karani huyo ni mwaminifu kabisa. Lakini siku bomba litakapopasuka na fedha zisitoshe, watu wote watamtazama yeye, naye hana shahidi. Kwa hiyo kanuni za fedha hazikuwekwa kwa ajili ya kumkomoa karani. Zamlinda yeye, na zawalinda wenye fedha.

Kanuni ya kwanza: kila anayelipa apewe stakabadhi. Stakabadhi ziwe na namba zinazofuatana, na nakala ibaki kitabuni. Ukikosea, usichane karatasi. Andika IMEFUTWA, uiache pamoja na nakala yake.

Kanuni ya pili: kazi zigawanywe. Anayepokea fedha asiwe ndiye anayeidhinisha malipo. Fedha za benki zitolewe kwa sahihi za watu wawili au zaidi.

Kanuni ya tatu: fedha zilizopokelewa zipelekwe benki zote, bila kuchotwa njiani. Ukinunua koki kwa fedha za kasha, mapato na matumizi yatachanganyika, na hutajua tena kilichoingia.

Kanuni ya nne: kila shilingi inayotoka iwe na hati ya malipo. Hati ionyeshe amelipwa nani, kwa kazi gani, na nani aliyekubali.

Kanuni ya tano: mtu mwingine, asiyepokea fedha, azihesabu mara kwa mara bila kutoa habari mapema.

Siku hizi watu wengi hulipa kwa simu. Ni vizuri, maana fedha hazipiti mikononi mwa karani. Lakini kila mwezi lazima taarifa ya benki ilinganishwe na daftari.

Haya, andikeni:

Salio la jana: Sh. 20,000
Stakabadhi namba 121 mpaka 129, kila moja Sh. 5,000: Sh. 45,000
Jumla: Sh. 65,000
Zilizopelekwa benki leo asubuhi: Sh. 20,000
Salio la leo: Sh. 45,000

Sasa fungua kasha mbele ya shahidi, uhesabu. Zimo Sh. 43,000. Zimepungua Sh. 2,000. Utafanya nini? Wengine huona aibu, wakatia fedha za mfukoni kimya kimya. Usifanye hivyo. Ukificha upungufu mdogo leo, hutajua ulitoka wapi, na kesho utakuwa mkubwa. Andika upungufu siku ile ile, wewe na shahidi mtie sahihi, kisha mwarifu mwenyekiti.

Watu wa Upare wana historia kubwa katika jambo hili. Mwezi wa Januari mwaka 1945, maelfu yao walikwenda Same, makao makuu ya wilaya, kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ya kupima mali ya kila mtu, ambayo waliiona si ya haki. Mtu hulipa kwa moyo akiiona hesabu na kuielewa.

Leo hesabu hiyo ina mahali pake pa kusomwa. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, nao hufanyika kila miezi mitatu. Nenda. Mapato na matumizi yakisomwa, sikiliza. Kisha uliza bila ugomvi: salio ni kiasi gani, nani aliyehesabu, na stakabadhi ya mwisho ni namba ngapi? Karani mwema atafurahi kuulizwa.

Maswali ya kujibu nyumbani:
1. Kwa nini stakabadhi iliyokosewa haichanwi?
2. Salio la jana ni Sh. 45,000. Leo zimeingia Sh. 30,000, na zimepelekwa benki Sh. 45,000. Kasha liwe na kiasi gani?
3. Katika kijiji chako, nani anayepokea fedha, na nani anayezihesabu?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.